Sanduku la Katumba na Habari za Banyambala

Kikundi: Familia ya Katumba

Jumatatu, saa 1:12 usiku. Dada Mkubwa
Habari za jioni, ndugu zangu. Naandika kwa mara ya tatu tangu juzi, na safari hii naomba nijibiwe. Fundi ataanza kuezua nyumba ya marehemu Baba kule Katumba siku ya Jumamosi asubuhi, na lile sanduku la bati bado limo chumba cha nyuma, likiwa na picha pamoja na daftari lake la mechi za timu ya soka ya Tukuyu Stars. Mvua ya Tukuyu sote tunaijua, mji unaopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na haitamsubiri fundi amalize kupigilia bati la mwisho. Sanduku litolewe Ijumaa. Ninapendekeza pia kila mmoja achangie shilingi 20,000, ili daftari lichapwe upya na habari za timu ziandikwe vizuri, kwa kuwa imeshatimia miaka 40 tangu ubingwa wa 1986 na watoto wetu hawajui lolote. Ufunguo uko kwa mdogo wangu wa Uyole. Naomba athibitishe.

Jumanne, saa 2:40 asubuhi. Dada Mkubwa
Ninaona ujumbe umesomwa na watu kumi na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyejibu.

Jumanne, saa 4:05 asubuhi. Mdogo wa Dar
Shikamoo Dada. Mchango wangu nitautuma leo jioni. Nina ombi moja tu: daftari hilo lisipitie mikononi mwa Shemeji, kwa maana yeye ni Yanga damu, na ule ukurasa wa 1986 unaweza kuchanika kwa bahati mbaya akiwa ameushika kwa mikono miwili.

Jumanne, saa 4:09 asubuhi. Shemeji
Nimekuja katika familia hii kwa mahari kamili, na bado sijaaminiwa kushika daftari. Nawakumbusha kwamba hata Baba Mkwe aliipenda Yanga kabla ya kuipenda Tukuyu.

Jumanne, saa 4:11 asubuhi. Mdogo wa Dar
Hilo, Shemeji, umelitunga ukiwa kwenye daladala.

Jumanne, saa 4:30 asubuhi. Dada Mkubwa
Tafadhali turudi kwenye sanduku. Mdogo wangu wa Uyole, ufunguo unao?

Jumanne, saa 7:22 mchana. Binti wa Iringa
Shikamooni nyote. Shangazi, naomba kuuliza bila kukosea adabu. Mimi nilidhani timu ya kwanza ya Mbeya kuitikisa nchi ilikuwa Mbeya City. Hawa Tukuyu Stars walifanya nini hasa, hata Babu akawawekea daftari?

Jumanne, saa 8:50 mchana. Dada Mkubwa
Marahaba, mwanangu. Swali lako ndilo linalonifanya niwasumbue watu humu. Mbeya City ilianzishwa mwaka 2011, na katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, ilimaliza ya tatu. Nchi nzima ikashangaa, na ilistahili kushangaa. Tukuyu Stars ilipanda daraja, ikacheza msimu wake wa kwanza katika ligi ya juu ya Bara mwaka 1986, na msimu huohuo ikawa bingwa. Haikuwa timu ya kiwanda wala ya jeshi. Ilikuwa timu ya mji mdogo chini ya Mlima Rungwe, takribani kilomita 70 kutoka Mbeya mjini kwa barabara ya kwenda Kyela, mji wa ndizi na chai ambao hata wasafiri wa Malawi walikuwa wakiupita bila kushuka kwenye basi. Watu waliwaita Banyambala, yaani wanaume, na mpaka leo ukilitaja jina hilo sokoni Tukuyu utamwona mzee akiinua kichwa.

Jumanne, saa 9:15 alasiri. Shemeji
Kwa hiyo ndiyo timu ya kwanza ya mikoani kuzinyang'anya klabu za Dar es Salaam ubingwa?

Jumanne, saa 9:41 alasiri. Shangazi wa Mwanza
Hapana, na tukiandika tusiandike hivyo, maana watu wa Morogoro watatuumbua. Ligi ilipoanza mwaka 1965, bingwa alikuwa Sunderland, ambayo baadaye ikaitwa Simba. Mwaka 1967 ikawa Cosmopolitan, nayo ya Dar. Kisha Yanga ikashika tangu 1968 mpaka 1972. Aliyevunja mwiko ni Mseto ya Morogoro, mwaka 1975. Vilevile tusichanganye ubingwa wa Bara na ule wa Ligi ya Muungano, ambayo ilichezwa pamoja na klabu za Zanzibar, na ambayo Majimaji ya Songea ilipata sifa zake katikati ya miaka hiyo ya 1980. Kaka yangu, yaani baba yenu, alikuwa mkali sana katika jambo hilo. Ukichanganya ligi mbili mbele yake, chai yako inapoa.

Mimi nakumbuka redio kuliko mechi zenyewe. Asubuhi ya siku ya mchezo alikuwa anatoa betri nne na kuzipanga juu ya bati la jikoni zipate jua, kama lilikuwepo, na jua lisipotoka alizipasha pembeni ya mafiga huku akizigeuza kwa kijiti. Redio Tanzania ikianza kutangaza, sisi watoto hatukuruhusiwa kusogeza hata kigoda. Aliandika kwa penseli, kamwe si kwa kalamu, kwa sababu alisema mtangazaji naye ni binadamu na anaweza kurekebisha jina la mfungaji. Kila bao alilitia msalaba mdogo. Timu ya Dar ikifungwa, alipiga mistari miwili chini ya jina lake, taratibu, kwa kutumia ukingo wa kiberiti.

Jumanne, saa 9:44 alasiri. Binti wa Iringa
Bibi, haya ndiyo ninayotaka yaandikwe.

Jumanne, saa 3:18 usiku. Kaka wa Uyole
Nimesoma yote. Ufunguo ninao.

Ila kama mnaandika historia ya timu hiyo, muandike pia ni nani alilipa. Mnataja betri na penseli, na hakuna anayetaja mtamba, yule ng'ombe wetu. Timu ya mji mdogo haikuwa na mfuko wake. Kutoka Tukuyu mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na wachezaji walikuwa wanakula, wanalala, wanaumwa. Fedha hizo zilitoka katika nyumba za watu, na katika nyumba yetu zilitoka kwenye zizi. Dada, wewe unajua mtamba ule ulikuwa umetengwa kwa ajili gani, na unajua Januari iliyofuata mimi nilikuwa wapi wakati wenzangu wanafungua shule.

Jumanne, saa 3:25 usiku. Dada Mkubwa
Mdogo wangu, tulikubaliana jambo hilo lisizungumzwe kwenye kikundi.

Jumanne, saa 3:27 usiku. Kaka wa Uyole
Mlikubaliana ninyi.

Jumanne, saa 3:52 usiku. Mdogo wa Dar
Jamani, kumbukeni nami nilichangia. Mtamba huo ndio uliokuwa ukinikimbiza mpaka kwenye migomba.

Jumatano, saa 12:40 asubuhi. Kaka wa Uyole
Sikulala vizuri, kwa hiyo naandika tena ili msidhani ninaichukia timu. Nilikuwa uwanjani mara nyingi kuliko wengi wenu, na nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Ndiyo maana inaniuma zaidi. Baada ya ubingwa, klabu kubwa zilikuja na ahadi zake, vijana wakaanza kuondoka, na nani angewalaumu? Mji ule haukuwa na cha kuwashikia. Timu haikudumu juu. Linganisheni na Mtibwa Sugar, ambayo nayo ilitoka mahali padogo, Turiani, ikawa bingwa mwaka 1999 na tena mwaka 2000, na imeonekana Ligi Kuu kwa miaka mingi: nyuma yake palikuwa na kiwanda cha sukari kinacholipa mshahara mwisho wa mwezi. Nyuma ya Tukuyu Stars palikuwa na watu kama Baba. Kiwanda kinavuna miwa kila msimu, lakini mtamba ukishauzwa umekwisha, pamoja na maziwa na ndama wake. Hilo ndilo nataka liwemo katika maandishi yenu, kwa jina lake.

Jumatano, saa 1:30 asubuhi. Dada Mkubwa
Nimekusikia. Lakini leo ni Jumatano, na fundi ameshalipwa nusu. Je, sanduku litatolewa Ijumaa au halitatolewa? Waliotuma mchango mpaka sasa ni wawili tu. Mama Neema, wewe uko Tukuyu, unaweza kulipokea?

Jumatano, saa 5:10 asubuhi. Shemeji
Mimi naweza kukodi gari kutoka Mbeya, na ninaahidi kutofungua daftari njiani.

Jumatano, saa 10:05 alasiri. Baba Mkubwa (anaandikiwa na mjukuu)
Hamjambo, wanangu. Mjukuu amenisomea maneno yenu yote, na nimemwambia aandike kama ninavyosema, asipunguze.

Daftari ninalijua. Kurasa za mwanzo ni mwandiko wangu, kabla macho hayajaanza kunisumbua. Dada Mkubwa aliniomba nisimulie habari za Banyambala zirekodiwe kwenye simu, na nilimkubalia. Leo ninaondoa kukubali kwangu. Siku mdogo wangu alipoufungua ule mtamba zizini, mimi ndiye niliyeshika kamba kwa upande wa pili. Kijana alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake la shule mkononi, hakusema neno, na sisi wakubwa wawili tukampita. Baba yake amefariki bila kumwambia chochote. Mimi bado nipo. Sitasimulia ushindi wa timu ile mbele ya mtu ambaye hajaombwa radhi, na radhi ya namna hiyo haiombwi kwenye simu. Ninataka aje Kyela, au nipelekwe Katumba nimkute huko.

Ndaga fijo, yaani asanteni sana. Mjukuu, tuma.

Jumatano, saa 3:00 usiku. Shangazi wa Mwanza
Shikamoo Kaka. Nimesoma nikiwa nimekaa chini.

Alhamisi, saa 1:15 asubuhi. Dada Mkubwa
Shikamoo Baba Mkubwa. Tumepokea maneno yako, na mimi binafsi nimeyapokea kwa uzito, kwa sababu nami nilikuwepo siku ile na nilikuwa mkubwa wa kutosha kusema.

Mdogo wangu, sikuulizi tena habari za mchango. Naomba kujua jambo moja tu la Ijumaa. Mtoto wa Baba Mkubwa anasema anaweza kumleta mpaka Katumba iwapo mvua haitakuwa kubwa upande wa Kyela. Shemeji ana gari. Mama Neema bado hajajibu, kwa hiyo sijui sanduku litahifadhiwa nyumba gani. Nimemwomba fundi asogeze kazi hadi Jumatatu, naye amesema atafikiria.

Alhamisi, saa 6:33 mchana. Binti wa Iringa
Shangazi, nimeanza kuandika ukurasa wa kwanza. Nimeanza na betri juu ya bati, kisha nimeweka mtamba, kabla ya kuweka ubingwa. Kama si sahihi, mniambie.

Alhamisi, saa 2:20 usiku. Kaka wa Uyole
Ni sahihi.

Marahaba, mwanangu. Shikamoo Baba Mkubwa. Kesho saa 12 asubuhi nitakuwa njia panda ya Uyole, na ufunguo nitakuwa nao mfukoni. Shemeji apite hapo. Nikipanda, nimepanda, nisipopanda, nitampa ufunguo.

Alhamisi, saa 5:48 usiku. Mama Neema
Samahanini sana, simu ilikuwa haina chaji tangu Jumatatu na ndiyo kwanza naona haya yote. Sanduku linaweza kukaa kwangu, chumba kipo na paa halivuji. Ila naomba kufahamu, fundi amekubali Jumatatu au bado ni Jumamosi?