Nchi kuwa na nishati nafuu na safi inapimwa aje kwani?

mpangaji_umoja: Wasee, niko na kazi ya koleji ya Ijumaa, mwalimu anataka tulinganishe nchi kwa lile lengo la 7 la Umoja wa Mataifa, nishati nafuu na endelevu kufikia 2030. Sasa kuna jedwali naona Kongo ya Kinshasa iko juu sana kwa nishati jadidifu, karibu yote, na watu wengi huko hata stima hawana. Hizi namba zinapikwa ama ni mimi sisomi poa?

fundi_wa_jua: Unasoma poa. Hilo lengo halina alama moja, kuna vipimo vinne vikubwa: watu wangapi wana stima, wangapi wanapikia nishati safi, jadidifu ni sehemu gani ya nishati yote inayotumika, na uchumi unakula nishati kiasi gani. Hiyo ya tatu ndio imekuchanganya. Haiangalii stima peke yake, inaangalia kila kitu, na kuni na makaa zinahesabiwa jadidifu juu mti humea tena. Kwa hivyo nchi yenye kila mtu anapulizia mafiga inashinda Ujerumani 😂. Hata sisi Kenya usijigambe, stima yetu ni safi kweli, mvuke wa ardhini wa Olkaria, upepo wa Turkana, maji, karibu 90% ya ile tunazalisha, lakini sensa ya 2019 ilipata zaidi ya nusu ya kaya zinapikia kuni. Ukiandika moja bila ingine umedanganya mwalimu.

mama_chapo: Na hiyo ya "wana stima" pia mtuambie vizuri. Ploti yetu huku Pipeline, Nairobi, mita ni moja ya nyumba zote, landlodi anatuuzia kwa bei anajua yeye, saa moja jioni kila mtu akiwasha kitu inazima mpaka mtu ashuke chini airudishe. Mtu wa utafiti akinibishia mlango akiuliza niko na stima nitasema ndio, si iko? Na chapati bado nazipika kwa makaa, mtungi wa gesi nauwekea chai ya asubuhi.

msoma_jedwali: Mama chapo umeguza penyewe. Benki ya Dunia iko na kipimo kingine cha ngazi 0 mpaka 5, ngazi 1 ni taa na kuchaji simu, angalau masaa 4 kwa siku, ngazi 5 ni masaa 23. Wanauliza inakatika mara ngapi, inachoma vitu ama haichomi, umeunganishwa kihalali ama ni sambaza, ile ya kuvuta waya kiharamu, na kama unaiweza: yuniti 365 kwa mwaka, yaani moja kila siku, zisikule zaidi ya 5% ya mapato ya nyumba. Tatizo ni lazima mtu aende nyumba kwa nyumba na maswali marefu, ni pesa, kwa hivyo imefanywa nchi chache na ripoti za kila mwaka zinarudia ile asilimia rahisi.

mpangaji_umoja: Basi Kongo na Kenya naziweka kwa vipimo vyote vinne, halafu ngazi ndio nitamalizia. Mama chapo naomba nitumie hiyo ploti kama mfano, jina sitaji.

mama_chapo: Tumia tu mwanangu, ukijua tuko ngazi gani uniambie. Imezima tena saa hii, na chaji imebaki 11%.