Tupeane uzoefu: nyota akistaafu kikapu, tumpe timu?

Wakuu, habari za jioni.

Naanza na Luol Deng, nyumbani nitafika. Tarehe 20 Julai 2024, saa za usiku huku kwetu, Sudan Kusini walikwenda mapumziko wakiwa mbele ya Marekani kwa pointi 14, pale London. Tulikuwa sita tumeegemea kaunta ya duka la miamala, mlango umeshushwa nusu, tunachungulia simu moja yenye kioo kilichopasuka. Ikaisha 101 kwa 100, baada ya LeBron James kupenya na kufunga zikiwa zimebaki sekunde nane. Nusu ya waliokuwa pale hawajawahi kushika mpira wa kikapu maishani. Usiku ule wote walikuwa makocha.

Aliyeisuka ile timu hakuwa uwanjani, wala hakuwa kocha mkuu. Deng alizaliwa Wau mwaka 1985, vita vikaipeleka familia yake Misri, huko akakutana na Manute Bol, yule mrefu wa Sudan aliyecheza NBA (ligi kuu ya kikapu ya Marekani), akiwafundisha vijana wa kwao, kisha London, kisha chuo cha Duke kule Marekani, kisha Chicago Bulls ya NBA. Aliitwa mechi ya nyota wa NBA (All-Star) mara mbili, 2012 na 2013. Chini ya kocha Tom Thibodeau misimu miwili mfululizo hakuna mtu ligi nzima aliyekuwa na wastani mkubwa wa dakika kwa mechi kuliko yeye (na Thibodeau mwenyewe NBA hakuicheza hata siku moja). Akastaafu 2019, akashika urais wa shirikisho la kikapu la nchi yake. Novemba 2020, timu ilipokwenda Kigali kutafuta tiketi ya AfroBasket, mashindano ya kikapu ya Afrika, alikaa benchi mwenyewe kama kocha.

Halafu akanyanyuka. Kiti akampa Royal Ivey. Wote wawili walichaguliwa NBA mwaka uleule, 2004: Deng wa 7, Ivey wa 37. Ivey alicheza miaka kumi bila mtu kubandika picha yake ukutani. Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi. Mtu mwenye jina, mwenye fedha zake humo ndani, mwenye shirikisho, anaachia filimbi. Na bado kila mara watu wanauliza atarudi lini kufundisha.

Sasa nyumbani. Klabu yetu ni ya mtaani, uwanja wa saruji, ringi mbili, moja imeinama kushoto na tunajua wenyewe jinsi ya kuilenga. Nahodha wetu ametundika daluga mwezi uliopita akiwa na miaka 38 (najua daluga ni za soka, mmenielewa). Miaka kumi na mitano yeye ndiye alikuwa timu. Sasa anataka ukocha, na anautaka leo. Barua imeletwa kwangu kwa sababu mimi ndiye katibu. Kocha tuliye naye ni mwalimu wa hisabati ambaye hata karatasi haipiti chini ya viatu vyake akiruka. Wazee wa klabu wamegawanyika, wengine hawasalimiani.

Wewe uliyefundishwa na nyota, au uliyekuwa nyota ukageuka kocha: ilikuwaje? Nadharia zikae pembeni kwanza.

Kutoka Nairobi

Mimi nilifundishwa na mtu aliyewahi kuvaa jezi ya taifa, simtaji. Siku ya kwanza tulienda mazoezi kama watu wanaenda kanisani, viatu vimepigwa brashi. Alikuwa na namna yake ya kugeuka chini ya ringi, ukidhani yuko kushoto ameshafunga kulia. Akatuonyesha mara tatu. "Mmeona?" Tukasema tumeona. Hakuna aliyekuwa ameona kitu.

Mimi mdomo wangu haukai, nikamuuliza: kocha, mguu gani unatangulia? Akasimama. Akaangalia miguu yake kama mtu anatafuta funguo aliyoangusha. Akajaribu polepole, akajikwaa. Hakuwa anajua! Mwili ulikuwa unajua, mwenyewe hajui. Akaona aibu, aibu ikawa hasira, tukakimbia raundi ishirini.

Mwaka uliofuata tukaletewa mwalimu wa michezo, mama mmoja aliyecheza netiboli tu. Alichora nyayo sakafuni kwa chaki, ya kushoto nyeupe, ya kulia ya buluu, kila moja na namba yake. Moja, mbili, tatu, ruka. Nina miaka 41 na hadi leo nikiingia chini ya ringi nasikia namba.

Katibu

Hapo umenigusa. Mwaka 1994 Magic Johnson alipewa kufundisha Lakers, timu aliyoichezea akawa nyota, msimu ukiwa umebaki mechi 16. Alishinda 5, akapoteza 11, akaondoka zake. Na hakuna binadamu aliyeona pasi kama Magic. Lakini msikimbilie kushangilia, Larry Bird, nyota wa zamani wa Boston, alipewa Indiana 1997 bila kuwahi kufundisha popote, akawa kocha bora wa mwaka, na mwaka 2000 akawafikisha fainali. Bill Russell naye aliifundisha Boston huku anacheza, akachukua ubingwa 1968 na 1969. Kwa hiyo anayesema nyota hawezi kufundisha anatupunja.

Kutoka Mwanza

Mimi ndiye huyo nahodha wako, kaka. Siyo yeye mwenyewe, lakini ni mimi.

Nilicheza mkoa, nikacheza ligi, goti likagoma. Shule moja ikanipa vijana wa kuwaandaa kwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania. Wiki ya kwanza nikaingia nao uwanjani "kuwaonyesha". Nikawafunga. Nikawazuia mipira, nikacheka, nikapiga kifua. Watoto wa kidato cha pili! Nilirudi nyumbani nina furaha, nimelala vizuri kuliko miezi yote tangu niumie. Mke wangu akaniuliza, "Leo wamejifunza nini?" Nikasema nimewakomesha. Akanitazama tu, akaendelea kuchambua mchele.

Mechi ya kwanza tulipigwa vibaya. Nilipaza sauti hadi refa akaniadhibu. Kijana mmoja, ndiye aliyekuwa bora, akaacha kuja. Nilipomfuata kwao akasema hivi, na sijasahau: "Mwalimu, wewe unanichezea kichwani. Nikishika mpira naona uso wako, sioni ringi."

Kilichoniokoa ni uchovu. Goti lilivimba nikashindwa kusimama, nikakaa meza ya waandika matokeo mwezi mzima. Huko ndiko nilianza kuona mchezo. Ukiwa ndani unaona mtu wako na mpira. Mezani, na kalamu mkononi, unagundua kwamba yule mfupi uliyempuuza ndiye anayegusa mpira kabla ya kila kikapu. Nilikuwa sijui! Miaka yote ile nilidhani mimi ndiye ninayefunga.

Kutoka Kakuma, sasa Nairobi

Kiswahili changu ni cha Turkana, mnivumilie. Mimi ni wa Sudan Kusini, kambi ya wakimbizi ya Kakuma niliingia nikiwa mgongoni.

Uwanja wetu ulikuwa vumbi. Mpira ukiudunda haurudi pale unapoungoja, kwa hiyo tulijua pasi kabla ya kujua kudunda. Miiba ilikuwa inamaliza mipira. Ukitoboka, mtu anachoma kisu, anayeyushia kipande cha jerikeni juu ya tundu, unakaa siku mbili. Kocha wetu alikuwa nyota wa kambi, kijana mrefu aliyetoka kwenda kujaribu bahati akarudi. Alikuwa bora, nawaambia wa Nairobi na wa Mwanza. Kabla ya mazoezi alipita kwa kila mmoja: "Jana ulikula?" Ukisema hapana hukimbii. Unapewa saa yake, unakuwa mtunza muda, na huruhusiwi kuona haya. Wote tuliwahi kuishika ile saa.

Sasa Deng. Siku ya mechi na Puerto Rico, Olimpiki ya 2024, pale Lille, Ufaransa, walipiga wimbo wa taifa wa Sudan badala ya wetu. Tulikuwa chumbani kwa binamu yangu, watu kumi na saba, hakuna aliyepumua. Ukakatizwa. Tukangoja. Ukaja wetu, mama yangu mdogo akaanza kuimba akiwa ameshika sufuria. Halafu tukawafunga 90 kwa 79. Nchi ambayo wakati huo haikuwa na ukumbi hata mmoja wa ndani wa kikapu. Mara Deng afundishe, mara asifundishe, mimi nashangaa. Watoto wetu walikuwa wametawanyika Australia, Marekani, kila mahali. Aliwakusanya. Kocha gani angeweza kuwaita wale wakaitika? Ivey mwenyewe angepiga simu wangeuliza, wewe nani?

Kutoka Mombasa

Kaka wa Kakuma kasema, mimi naongeza la upande wa wasichana. Nilicheza, nikaolewa, nikazaa wawili, nikarudi kufundisha mabinti wa mtaa. Jina langu lilinifungulia milango ya wazee wao. Baba aliyekuwa hataki hata kusikia alisema, "Ah, kama ni wewe, basi, lakini kabla ya magharibi awe nyumbani." Lilifanya kazi hiyo, na kubwa. Kufundisha kurusha mtupo mmoja, jina halikunisaidia hata kidogo. Nilinunua soksi, nikazijaza mchanga, nikawavalisha vifundo vya mikono wajue kiwiko kinakwenda wapi. Hilo nililitoa kichwani usiku, si katika vikombe vyangu.

Na msimsahau Liz Mills. Si nyota, si Mkenya, na aliwafundisha Morans, timu ya taifa ya wanaume ya Kenya, wakamfunga Angola 74 kwa 73 pale Yaoundé, wakarudi AfroBasket ambayo Kenya haikuiona tangu 1993. Mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume kwenye mashindano yale. Kisha nani akawatoa Kigali? Sudan Kusini hao hao, 60 kwa 58. Mimi niko na kidonda.

Kutoka Bukavu

Ninyi munabishana sana. Mutombo, nyota wetu wa Congo aliyecheza NBA, hakukuwa kocha hata siku moja, na akajenga hospitali Kinshasa, jina la mama yake, 2007. Watu banazaliwa mule. Ukocha si lazima.

Kutoka Dar es Salaam, mzee wa Upanga

Wanangu, mmezunguka dunia nzima mkampita Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu wa NBA, mlangoni.

Mimi nilikuwa napita viwanja hivi alipoanza. Alianza kikapu akiwa na miaka kumi na mitano hivi, umri ambao wenzake Marekani wameshacheza mechi mamia. Mwaka 2009 Memphis wakamchukua wa 2, mbele ya James Harden, mbele ya Stephen Curry. Tulilia siku ile. Msimu haukwisha wakampeleka ligi ya chini, na hadi siku ile hakuwa ametokea mtu aliyechaguliwa juu vile akapelekwa huko. Watu hapa wakacheka. Mimi sikucheka. Baadaye Houston, Portland, Oklahoma City, Japani, Taiwan. Alikuwa bado anacheza alipopita umri ambao wengi wao wameshaacha.

Ninalotaka kusema ni hili. Siku atakapoacha kabisa, huyu ndiye ningempa vijana warefu wa nchi hii, kabla ya nyota yeyote ambaye kila kitu kilimnyookea. Mtoto wa futi sita na nusu hapa mtaani anaambiwa "wewe mrefu, simama chini ya ringi", basi, hayo ndiyo mafunzo yake. Ni nani mwingine hapa nchini anayejua unavyoachwa nyuma kwa miguu na mtu mfupi mbele ya watu elfu kumi na nane, na ulipaswa kufanya nini? Hayo hayamo kwenye kozi.

Na huyo nahodha wenu, mwulizeni aliwahi kukaa benchi mechi nzima? Kama hajawahi, hajui nusu ya wachezaji wake watakuwa wanawaza nini.

Katibu

Shikamoo mzee. Swali lako nililibeba kama lilivyo, nikampelekea.

Nahodha alikuwa ameshasoma yote, kimya kimya, ndivyo alivyo. Akasema hajawahi kukaa benchi mechi nzima tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Akanyamaza kidogo. Akasema Tim Duncan, nyota mstaafu wa NBA, alikaa benchi la Spurs msimu mmoja kama msaidizi, 2019 hadi 2020, akaona hayamfai, akaenda zake, na hakuna aliyemdharau. Sikujua kwamba analijua hilo. Kisha akaomba lile la Mwanza: meza na kalamu, hadi mwisho wa ligi ya wilaya. Barua ya ukocha akaomba nisiichane, niiweke tu.

Jumamosi alikuja mapema kuliko wote, na kalamu mbili na rula. Robo ya kwanza aliandika vizuri, mwandiko wa msichana. Robo ya pili akaanza kunong'ona. Robo ya tatu tulikuwa nyuma kwa tisa, mwalimu wa hisabati ametulia, anahesabu vitu anavyovijua mwenyewe, na dogo wetu wa pembeni akakosa leya ya wazi. Nahodha akanyanyuka na karatasi mkononi, akaita taimauti kutoka meza ya waandishi. Refa akamwangalia. Timu zote mbili zikamwangalia. Mwalimu wa hisabati akasema polepole, "Kaa, baba. Andika: namba tisa, amekosa."

Akakaa. Akaandika. Tulipoteza kwa nne, na baada ya mechi niliwaona wawili wale bado wamekaa pale mezani, taa ya uwanja imeshazimwa, wanamulika ile karatasi kwa tochi ya simu na kubishana kuhusu namba tisa.