Boda za umeme zinakuja Busia, kazi itabaki kwetu ama itapanda basi irudi Kampala?

katibu_wa_stej (Sofia, Busia)

Wandugu hamjambo. Mimi ni katibu wa stej moja ya boda hapa Sofia, upande wa Uganda. Juzi walikuja watu wa kampuni fulani ya pikipiki za umeme wakakaa na viongozi wetu, wakasema wako tayari kuleta pikipiki za loni, unalipa kidogo kidogo kila siku, na betri ikiisha unaingia kituoni unabadilishiwa ingine unaendelea na safari. Vijana wamefurahi sana na siwalaumu, wote tunakumbuka Januari 2022 malori yalipojaa Malaba na hapa Busia juu ya mambo ya kupima Covid, petroli ikaadimika na bei ikaruka mpaka wengine wakapaki pikipiki nyumbani. Mtu aliyepitia ile akisikia pikipiki haitaki mafuta anasaini bila kusoma.

Lakini mimi nina maswali. Wanasema kwanza kituo kitakuwa kimoja tu, kwenye barabara kuu. Sasa abiria wetu wengi ni wa Masafu, Lumino, mpaka Majanji kule ziwani, na kurudi ni na vikapu vya samaki. Itafika kweli? Na mafundi wetu je, wale vijana wa chini ya mwembe wanaoshinda kwenye grisi, injini ya pikipiki ya Boxer wanaifungua na kuifunga hata gizani, hawa watakula nini? Nilimuuliza yule afisa zikiharibika nani atatengeneza, akasema wana fundi wao, atakuwa anatoka Kampala. Hapo roho yangu ikakataa. Kila redio inasema hizi ni kazi za kijani, kazi za kulinda mazingira, vijana wajiandae. Sasa kama fundi anatoka Kampala, betri inatoka Kampala na pesa inaenda Kampala, kijana wa Busia anajiandaa kwa nini? Na sisi ndio watu wa kwanza wa hii kazi, tangu wazee walipokuwa wanavusha wasafiri kwa baiskeli hapa mpakani miaka ya 60.

Mwenye uzoefu anisaidie, mkutano wetu ni Jumapili.

fundi_volti72 (Kampala)

Ndugu katibu, umeuliza vizuri kuliko wengi ambao wanauliza bei tu. Mimi kwetu ni Tororo lakini saa hii niko Kampala kwenye gereji ya pikipiki za umeme, kwa hiyo nakuambia kile ninachoshika kila siku.

Anza na hesabu. Betri nyingi za boda ni volti 72, na ile ya ukubwa wa kawaida ukiijaza inakula karibu uniti 3 za stima. Uniti ya Yaka, ile stima ya kulipia kabla, ya nyumbani ni shilingi 700 na kitu, kwa hiyo hata ukiongeza stima inayopotea kwenye chaja, kujaza betri moja ni kama 2,500 hivi. Hiyo betri inakupa kilomita 60 mpaka 80, inategemea mzigo, milima na mkono wa dereva. Pikipiki ya petroli kwa safari hiyohiyo inakunywa lita moja na nusu ama mbili, na lita inacheza kwenye 5,000. Pengo unaliona. Lakini dereva halipi ile 2,500, analipa bei ya kituo, ambayo inabeba pia gharama ya betri yenyewe, na betri ndio kitu ghali kuliko vyote kwenye hiyo pikipiki. Sio wizi, betri inachakaa na lazima mtu ailipie. Ila jua kwamba faida ya hii biashara inakaa kituoni. Kwa hiyo Jumapili msianze na pikipiki ni bei gani, anzeni na kituo ni cha nani, na je sako yenu, chama chenu cha kuweka na kukopa, inaweza kukiendesha kwa kamisheni, vijana wenu ndio wapokee betri, wazipange, wapige hesabu.

Tena kituo sio nyumba yoyote yenye soketi. Ukichaji betri 20 kwa mpigo unahitaji kama kilowati 16, hiyo laini ya kawaida ya nyumba haiwezi kubeba, lazima fezi tatu na transfoma ambayo haijalemewa. Kupata hiyo laini ni kazi ya miezi, na waya utafungwa na fundi stima mwenye leseni, mtafuteni wa hapohapo Busia mapema kabla hawajaja na wao.

Sasa mafundi wa chini ya mwembe. Ni kweli kuna kazi itakufa. Hakuna kumwaga oili, hakuna plagi ya injini, hakuna kabureta, hakuna klachi wala pistoni. Lakini tairi, breki, beringi, shokabsoba na kuchomelea fremu vyote vinabaki, na barabara zetu mnazijua. Halafu kuna ugonjwa mmoja nauona kuliko magonjwa mengine yote, nao sio wa mota wala wa betri, ni ile plagi kubwa inayounganisha betri na pikipiki. Betri inatolewa na kurudishwa kila mara, vumbi la marram linaingia, pini inalegea, ikilegea inapata joto kali, plastiki inageuka kahawia, na siku moja pikipiki inazima katikati ya kilima na abiria juu. Dereva anapiga simu analia betri imekufa. Ukifungua unakuta pini imeungua, unakata waya kidogo, unaubana plagi mpya kwa koleo lake, unapima kwa mita, anaondoka. Hiyo kazi kijana anayejua kufunga kabureta anaifunza haraka sana. Pale kampuni inapomngoja fundi wa Kampala, pikipiki inalala siku mbili tatu na deni la kila siku linaendelea kuhesabu. Hiyo ndio inaua madereva wa mikoani.

Kitu kimoja naomba wasiguse bila kufundishwa, ndani ya betri. Mle kuna seli 20 ama zaidi zimefungwa mfululizo na ubao mdogo unaozilinda, na mtu akidondosha spana ikagusa pande mbili moto wake hauzimiki kirahisi. Pete na saa zivuliwe kabla ya kushika waya wowote. Nimeona mkono wa kijana ulioungua na sitaki kuuona tena.

boda_wa_Jinja

Kwa upande wa mwendo fundi amesema kweli, mi naendesha moja hapa Jinja. Mjini iko sawa kabisa, kimya, haitikisi mgongo, jioni unabaki na pesa. Lakini Majanji kwenda na kurudi na samaki na mtu nyuma, usitoke Busia na betri nusu ukitegemea Mungu. Toka nayo imejaa. Na mwambie hiyo kampuni iweke hata kabati dogo la betri Lumino, bila hiyo vijana wa njia ile wasisaini kwanza.

Angalia pia stima ikikatika. Kwa mto huu wetu wa Nile hatuna shida ya kuzalisha, bwawa la Bujagali ni megawati 250, Isimba 183, Karuma 600, stima ipo. Shida ni nguzo zinaanguka na transfoma zinaungua huku chini, tangu wakati wa ile kampuni ya Umeme mpaka sasa UEDCL, shirika la serikali la kusambaza stima, walipochukua 2025. Mvua ikipiga usiku, asubuhi unakuta kituo hakijachaji na foleni ya boda imefika barabarani. Muulize wana sola ama jenereta, na siku kituo kimezima deni la siku hiyo linasimama ama linaendelea. Waandike kwenye karatasi.

mama_wa_magurudumu_matatu (Busia)

Mwanangu katibu nashukuru umeleta hii habari. Mimi ni mmoja wa wale mnaotuona pale forodhani na baiskeli za magurudumu matatu, za kuzungusha kwa mkono. Miguu yangu haifanyi kazi tangu utotoni, lakini hiyo baiskeli imesomesha watoto wangu. Tunabeba unga, mafuta ya kupika, sabuni, viatu, unavusha mzigo ambao mtu wa kichwa hawezi. Kila watu wakizungumza mambo ya umeme wanazungumza boda, boda, boda. Sisi je?

Nieleze kidogo ili fundi anielewe. Mzigo ukijaa, mikono peke yake haitoshi, unalipa vijana wawili wasukume nyuma, hasa pale kwenye mwinuko na wakati malori yamebana njia. Kushuka ndio hatari, breki ni ile ya baiskeli tu na mzigo unakusukuma kuelekea kwenye tairi za trela. Mabega yanakwisha. Wenzangu wa umri wangu wengi hawawezi tena kuinua mkono juu ya kichwa. Na umbali wenyewe ni mfupi! Hatuhitaji betri ya kwenda Majanji, tunahitaji nguvu kidogo na breki ya kushika. Kama kuna kazi ya kijani ya kweli kwa Busia ni hiyo, kwa sababu hizi baiskeli zinachomelewa hapahapa na mafundi wetu, hazitoki nje.

Na wale vijana wanaosukuma msiwasahau. Ukiweka mota wanakosa chakula cha jioni. Mimi sitaki nipone bega kwa kumtoa kijana kazini. Wao wawe wa kwanza kufundishwa, ama wapewe wao kuchaji na kutunza hizo betri, maana wanatujua, wanajua mizigo, na sisi tunawaamini na mali yetu.

fundi_volti72

Mama shikamoo. Hii uliyoleta naiona inawezekana kuliko hata boda. Mota ndogo ya kufungwa ndani ya gurudumu, wati 500 hivi, na betri ya volti 48 ambayo mtu anainua kwa mkono mmoja, inachajiwa kwenye soketi ya kawaida usiku. Haihitaji fezi tatu wala kampuni. Mwendo ufungwe usizidi wa mtu anayetembea haraka, na kabla ya mota tuweke breki za diski kwenye magurudumu ya nyuma, hiyo ifanyike hata kama mota haijapatikana. Kuhusu wale vijana nakubaliana nawe kabisa. Naomba picha ya fremu kwa chini na upana wa gurudumu, tafadhali.

mwalimu_wa_ufundi (Tororo)

Naongeza la mafunzo. Msikubali semina ya siku moja na fulana. Kijana akipata ujuzi apate na karatasi, na karatasi isiwe ya kampuni tu maana kampuni ikihama karatasi nayo imekufa. Kuna ile karatasi ya Worker's PAS iliyoletwa na DIT, idara ya serikali ya mafunzo ya viwandani, unapimwa kwa kazi ya mikono hata kama hukumaliza shule, mafundi wengi wa gereji za Tororo wameipata kwenye ujuzi mwingine. Sako ikipeleka kundi la vijana pamoja ina sauti zaidi kuliko kijana mmojammoja.

Na tusiseme eti mambo haya ni ya wageni. Vijana wa Makerere waliendesha Kiira EV mwaka 2011, leo Kiira Motors ina kiwanda Jinja na mabasi ya Kayoola yanatembea kwa betri. Kutoka Busia mpaka Jinja ni safari ya asubuhi. Pia reli, mkataba wa SGR, ile reli ya kisasa, ya Malaba mpaka Kampala ulisainiwa Oktoba 2024, kilomita 272, na mpango ni treni za umeme. Mizigo ikipanda reli malori yatapungua hapa kwetu, na mji mzima wa Malaba unakula kwa malori: mahoteli, wa tairi, wanaouza chapati usiku. Hiyo nayo inataka mkutano wake.

katibu_wa_stej

Nimesoma yote, nimeandika kwenye daftari. Mama, samahani sana hatukuwaita kwenye ule mkutano wa kwanza, Jumapili chama chenu kije, nafasi ya kuzungumza mtapewa mapema sio mwisho watu wakishachoka.

Fundi nina swali moja. Ile karatasi yao inasema dereva akimaliza loni pikipiki ni yake, lakini betri inabaki ya kampuni. Na kuna mahali wameandika wanaweza kuzima pikipiki kwa mtandao ukichelewa kulipa. Hii ni kawaida?

fundi_volti72

Yote mawili ni kawaida, na hapo ndipo wengi wanaumia. Betri kuwa ya kampuni ina uzuri wake, ikichoka sio mzigo wako na wao ndio wanatakiwa kuikusanya isitupwe kwenye kinamasi. Ila kampuni ikiondoka Busia unabaki na pikipiki isiyo na betri, na plagi na mfumo wao mara nyingi haukubali betri ya kampuni ingine. Kwa hiyo waandike: wakifunga kituo, ama wakuuzie betri kwa bei mliyokubaliana leo, ama wachukue pikipiki wakurudishie sehemu ya pesa uliyolipa.

Kuzima kwa mtandao, dai iandikwe kwamba hawazimi pikipiki ikiwa inatembea na hawazimi usiku. Kijana aliyezimiwa saa tatu usiku njiani na mgonjwa amebebwa nyuma, hiyo sio habari ya deni tena. Na wape siku za kuchelewa mtu akiwa na karatasi ya hospitali.

Halafu chukueni pikipiki chache kwanza, muwape madereva wa njia tofauti, mmoja wa mjini, mmoja wa Masafu, mmoja wa Majanji, waandike kila jioni wamebadilisha betri mara ngapi na wamebaki na shilingi ngapi. Jumapili mimi nitakuwa Tororo kwa wazee, nikipata nauli nakuja na mita na plagi moja iliyoungua vijana waishike kwa mikono.

mama_wa_magurudumu_matatu (Busia)

Nauli ya Tororo mpaka hapa chama chetu kitalipa. Mkutano ni saa ngapi na ni wapi katibu, maana kama ni ule ukumbi wa juu wenye ngazi sisi hatuwezi kupanda.

katibu_wa_stej

Saa nane mchana. Ukumbi tumeuacha, tutakaa pale stej chini ya mwembe kwa mafundi.