Naombeni ushauri: nisome kitabu kwanza au nisubiri muvi?

Habari zenu wakuu, mi ni binti wa form six nimenogewa na hizi riwaya za vijana mpaka mama anasema ntaharibu macho, saa hizi niko na The Hunger Games ya Suzanne Collins, ile ya vijana wanaolazimishwa kuuana kwenye mashindano ya TV. Nilianza na muvi ya 2012 ndo nikatafuta kitabu chenyewe cha 2008, na jamani ni vitu viwili tofauti, kitabuni ile pini ya ndege Katniss, yule binti mhusika mkuu, anapewa na Madge mtoto wa meya, kwenye muvi huyo Madge hata hayupo, pini inatoka kwa bibi mmoja wa sokoni. Halafu Peeta, yule kijana anayeingia mashindanoni na Katniss, kitabuni anakatwa mguu, muvini katoka na miguu yake yote! Ila kinachonoga zaidi ni kwamba Katniss anasimulia mwenyewe, unajua kabisa saa ngapi anaigiza mapenzi na Peeta ili watazamaji wawatumie misaada, muvini unabaki kukisia tu.

Sasa Sunrise on the Reaping, nyingine ya mfululizo huohuo, ile ya Haymitch aliyekuwa mkufunzi wa kina Katniss, kitabu kimetoka 2025 na muvi imepangwa Novemba 2026. Binamu yangu anasema nisisome kwanza, muvi itaniboa, mi roho inaniuma kusubiri. Nyie huwa mnafanyaje?

Na mwenye kujua riwaya ya Kiswahili ya vijana yenye moto hivo anitajie, ila sio za silabasi plizi, hizo tushachambua wahusika na dhamira mpaka basi.