Tupeane uzoefu: wana Tabora, siku hizi mnanunuaje gari?

Mzee wa Isevya (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa walionunua gari karibuni hapa Tabora mjini na wilayani. Jirani zetu wa Kigoma nanyi karibuni, reli ni moja.

Zamani mtu akitaka gari alimtafuta dalali, kisha fundi wake anayemwamini. Fundi analala chini ya gari, anatoka na vumbi mgongoni, anasema "injini bado, ila miguu imechoka", hapo ndipo mnaanza kuvutana bei. Sasa hivi vijana wangu ofisini wanachagua gari lililoko Japani wakiwa wamekaa kibarazani na simu, na fundi analiona likishafika na namba zake mpya za usajili, zile za herufi E. Nataka kujua mwenzangu uliamuaje: uliagiza, yadi ya Dar, mkononi, au mkopo? Bei si lazima useme. Sema ulianzia wapi na nini kilikufanya uchague hilo na si lingine.

Mtumishi Kanyenye

Shikamoo mzee. Mimi niliagiza, na sikuanza na magari, nilianza na kikokotoo cha TRA. Unaweka modeli, mwaka, cc yaani ukubwa wa injini, aina ya mafuta na nchi linakotoka, kinakuletea thamani wanayoitambua wao na kodi zote mpaka usajili. Wengi wanakwama hapo: ukipata gari la bei ya kutupa kule Japani usidhani na ushuru utashuka, TRA wanaanzia kwenye thamani yao.

Baada ya hapo ndipo niliingia BE FORWARD na SBT, wale wauza magari ya Japani mtandaoni, kutafuta linaloingia kwenye pesa iliyobaki. Ukikaa na hesabu hii utaelewa kwa nini mtaa mzima una vigari vidogo. Ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT 18 vinamhusu kila mtu, ila Passo ya cc 996 inakwepa ushuru wa bidhaa unaotokana na cc. Ukivuka 1000 ni asilimia 5, ukivuka 2000 ni 10. Halafu kuna uchakavu: gari likitimiza miaka 8 linaongezewa 15, likifika 10 ni 30. IST hizi tunazozijua ni za 2002 hadi 2007, zote zinabeba hiyo 30, na bado zinalipika kwa sababu thamani ya msingi ni ndogo.

Nilichukua IST ya cc 1298. Wife alitaka nyeusi, nyeusi haikuwepo kwenye bajeti.

Tumbaku Urambo

Sisi huku mambo yanakwenda na masoko ya tumbaku. Miaka ya nyuma malipo yakitoka tu, madalali wanajaa na magari yao karibu na AMCOS, chama chetu cha ushirika, mtu anatoka benki na hela anakutana na Carina imeoshwa inang'aa. Wengi walinunua kwa sababu ya kung'aa. Sasa hivi dalali akija mtoto wa darasa la saba anamwambia baba subiri nikuoneshe bei yake Dar.

Mimi nilinunua Probox yadi ya Dar bila kwenda Dar. Kijana wa yadi nilimwambia sitaki picha, picha zote ni nzuri. Anipigie simu ya video asubuhi kabla gari halijawashwa. Aguse injini na kiganja nione imepoa, awashe, afungue kofia ya mafuta ya injini, aache simu pale pale. Nikaangalia kama kuna moshi unapumua. Halafu aende nyuma anioneshe ekzosi, kisha anyanyue zulia la buti nione kutu. Alichoka, lakini alifanya. Wa yadi nyingine alikataa, akasema "mzee unatuamini au hutuamini?" Nikamwambia simjui, nitamwaminije.

Dereva alilileta kupitia Manyoni na Itigi. Tangu kipande cha Chaya–Nyahua kiwekwe lami hakuna tena kuzunguka Singida na Nzega. Kiti cha nyuma kinalala chapa, magunia yanaingia, na kanisani linafika.

Mama Vitenge

Mimi nimenunua la mkononi na sijutii. Mkopo nilikwenda kuuliza mwenyewe. Unatanguliza sehemu ya bei, kadi ya gari inabaki kwao, wanafunga kifaa cha kufuatilia gari, na bima kubwa ni lazima mpaka umalize deni. Nikapiga hesabu ya marejesho nikaona biashara ya vitenge ina miezi yake mibaya, na mwenye mkopo mwezi mbaya haujui.

Kuna dada tunasali naye alikuwa anauza Raum, namba D. Nimeiona miaka yote ikipaki pale pale, najua hajawahi kuikimbiza. Hata hivyo kujuana ni kujuana, hela ni hela. Kabla sijanywa chai yake nikaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki kuangalia faini. Zikaonekana. Akashtuka kweli maana nyingine ni za mdogo wake. Akazilipa, ndipo tukaandikishiana kwa wakili na kwenda TRA kubadilisha jina. Wanawake wenzangu, msikubali ile ya "kadi tutabadilisha baadaye". Mkinunua leo, badilisheni leo.

Na jambo jingine, zamani nisingekwenda kununua gari bila kaka. Muuzaji asingeongea na mimi, angeongea na kaka.

Spana 14

Fundi nimefika. Mnaniita mwishoni siku hizi, gari limeshalipiwa, nikisema ni bovu naonekana mchawi.

Niwaambie kwa nini IST, Raum na Probox zinajaa Tabora. Nyingi zinatumia injini moja, 1NZ. Ukikosa spea duka hili unapata la pili, na za kuchinja zipo. Ukileta kitu cha kipekee, sensa ikifa tunasubiri basi la Dar au Mwanza, na wewe unapanda bodaboda.

Hawa wa mtandaoni wanasoma cc na kilomita, hawasomi giaboksi. Nyingi za miaka ya karibuni ni CVT, otomatiki ya mkanda. Ile haitaki mafuta ya giaboksi ya kawaida, na kuna gereji zinaweka yoyote yaliyopo kwenye dumu. Kabla ya kuagiza niulize hilo, ushauri siuzi. Vilevile wanaouliza Aqua, ile ya haibridi yenye mota ya umeme, kwa sababu ya mafuta: ni kweli inakula kidogo, ila kwanza uliza betri ile kubwa ikichoka utampelekea nani hapa.

Kasulu Lami

Huku Kigoma zamani mtu mwenye hela alinunua Land Cruiser au Hilux, si kwa kujivuna, barabara ilikulazimisha. Kadiri lami inavyosogea Kasulu, Kibondo na kule Nyakanazi, vigari vidogo navyo vinaongezeka. Ila ukitoka barabara kuu kwenda kijijini masika, usije ukaniambia habari za kikokotoo.

Kilomita nazo msiziamini sana. Omba karatasi ya mnada wa Japani, inaonesha alama ya gari na sehemu zilizogongwa. Nilikataa moja ya bei nzuri sana kwa sababu ilikuwa na R, yaani iliwahi kugongwa ikatengenezwa.

Mzee wa Isevya

Aisee. Naona simu imebadilisha mahali pa kutafutia, lakini spea na barabara ndizo zinazoamua, kama zamani. Mama Vitenge hiyo ya faini nimeichukua, namba ya gari langu mwenyewe naiingiza usiku huu.

Nyuki wa Sikonge

Wakuu nimechelewa. Nafanya asali, nataka Passo ya cc 996 kama alivyosema Mtumishi, ushuru mdogo. Nitabeba madumu kutoka porini mpaka mjini. Inafaa?

Spana 14

Madumu mangapi?

Nyuki wa Sikonge

Ya lita 20, kama kumi na tano hivi.

Spana 14

Asali ni nzito kuliko maji, mkuu. Hizo zinapita kilo 400, na wewe bado hujakaa. Mtafute Tumbaku Urambo akupe namba ya yule kijana wa Probox.