Naomba ushauri: wanafunzi wangu wa uuguzi wanaogopa tiba ya mshtuko wa umeme

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Ninafundisha uuguzi hapa Mombasa, na darasa langu linakaribia kwenda mazoezini kwenye wodi ya afya ya akili. Wengi wao wanaiona tiba ya mshtuko wa umeme, yaani kupitisha umeme kidogo kichwani mwa mgonjwa ili kuleta mtukutiko mfupi kama wa kifafa, kama adhabu. Mmoja aliniambia hata mamake akiugua, hatakubali afanyiwe.

Nimewaeleza kwamba mambo yamebadilika sana tangu ilipoanza kule Roma mwaka 1938: siku hizi mgonjwa hupewa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, mtukutiko wenyewe mara nyingi haufiki dakika moja, na huwafaa sana wenye sonona kali, hata waliofikia kukataa chakula. Wanaandika, mtihani wanapita, lakini woga uko palepale. Nami sitaki kuwaficha kwamba kumbukumbu huweza kupotea, maana jamaa za mgonjwa watawauliza hilo hilo.

Mliowahi kufundisha somo hili, je, ni bora washuhudie tiba kwanza ndipo tujadili, au waanze kwa kuzungumza na mtu aliyepata nafuu kwayo? Na suala la kumbukumbu mnalieleza vipi bila kuwatisha wala kulipunguza uzito?