Mafundi, acheni kupitisha suti za kuzamia kwenye cherehani ya nguo!

Wakuu, hili jambo limenichosha. Suti ya kuzamia inapelekwa kwa fundi ikiwa na mshono ulioachia sentimita 4 tu chini ya kwapa. Inarudi na mstari wa zigizagi uliotoboa mpaka upande wa pili, mteja ameshalipa, na akizama maji baridi yanamwingia palepale. Akilalamika anajibiwa kwamba suti imezeeka. Haijazeeka, imetobolewa! Na aliyeitoboa ndiye huyo huyo anayejiita mtaalamu.

Neoprini, ambayo ndiyo inayotengenezewa suti hizi, si kitambaa, na asiyeelewa hilo asiguse suti ya mtu. Ni povu la mpira lenye vijichumba vya gesi, kila kimoja kimefungwa peke yake, na juu yake imebandikwa nailoni upande mmoja au pande zote mbili. Suti ya milimita 5 iliyotengenezwa vizuri huunganishwa kwa gundi kwanza, ukingo kwa ukingo, ndipo inashonwa kwa sindano iliyopinda ambayo inaingia mpaka nusu ya unene na kutokea upande ule ule ilikoingilia. Gundi ndiyo inayozuia maji. Uzi unabeba mvuto kwenye nailoni. Sasa wewe unatoboa unene mzima kila baada ya milimita 2. Umefungua mlango wa maji kwa kila tundu, na matundu yaliyosongamana hivyo yanaufanya mshono uchanike kama stempu siku mtu atakapouvuta.

Na msinijie na hoja ya suti nyembamba za maji ya vuguvugu. Ndiyo, nyingi zina mshono bapa unaopenya pande zote tangu kiwandani, na mwenye nayo anajua maji yatapita. Hilo halikupi ruhusa ya kutoboa suti ambayo haikutobolewa.

Kundi la pili la mafundi ni la wanaobandika kwa supa gluu. Ikikauka inakuwa ngumu, wakati neoprini kazi yake ni kunyumbuka. Kwenye kina cha meta 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, gesi ndani ya povu inabanwa na suti inakonda; ukipanda inajaa tena. Gundi ngumu haiwezi kufuata mwendo huo. Inapasuka na kung'oka na povu la pembeni, na mwanya wa sentimita 4 unageuka wa 6. Silikoni ndiyo balaa kabisa, kwa sababu ikishapakwa hakuna gundi nyingine itakayoshika hapo. Anayekuja kurekebisha inabidi akate eneo lote na kuweka kiraka.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka subira tu. Suti ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, ikaushwe kivulini ndani na nje angalau siku nzima. Povu likibaki na unyevu ndani ya mpasuko, gundi itashika juu juu. Kata nyuzi zilizolegea (kata, usivute, ukivuta unafumua na sehemu nzima), kwangua gundi ya zamani inayobanduka, kisha pangusa kingo kwa spiriti na uache ikauke.

Sasa gundi, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Tumia gundi ya neoprini, ile inayopakwa pande zote mbili. Paka tabaka jembamba kwenye povu kwa kijiti au brashi ndogo, subiri dakika 5 hadi 10. Tabaka hilo la kwanza povu linalinywa, kwa hiyo lazima upake la pili. Subiri tena mpaka ukigusa kwa kifundo cha kidole inanata lakini haibaki kwenye ngozi. Ukibandika ikiwa bado mbichi, kiyeyusho kinafungiwa ndani na mshono unaachia hata kabla ya kutumika vizuri. Ukichelewa mno, uso unakufa na hazishikani tena. Kutanisha kingo kuanzia mwisho mmoja, sentimita moja moja, kwa macho makali, maana zikishagusana hakuna kusogeza. Bana kwa nguvu ya vidole urefu wote, halafu acha saa 24. Mteja akiwa na haraka, mwambie asubiri.

Baada ya hapo ndipo unashona. Uzi uwe wa nailoni au polyesta. Wa pamba unaoza. Wanaoshauri uzi wa kusafishia meno wajue kwamba ule wenye nta haushikani na gundi ya kuzibia. Anza sentimita 1 kabla ya pale palipoachia, malizia sentimita 1 baada yake, kila pigo milimita 3 hadi 4 kutoka kwa jingine. Uzi ulale tu juu ya nailoni. Ukiukaza hadi ukazama, umeshaanza kukata kitambaa wewe mwenyewe.

Mwisho, upande wa ndani, zibia kwa gundi ya poliurethani, ukitandaza nyembamba ivuke mshono kama milimita 6 kila upande. Suti ilale bapa mpaka ikauke. Kwapani na kwenye msamba usiweke nene, itachubua ngozi. Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewa, ndiyo maana tyubu iliyofunguliwa inaganda ovyo. Iweke kwenye friza, na ukiitoa uiache kwanza iishe baridi yote kabla ya kuifungua. Mkanda wa kubandika kwa pasi nao unafaa, lakini joto likizidi povu linabonyea na halirudi tena.

Wenye suti, nanyi acheni kuvuta kwa kucha. Kucha inakata povu, mpasuko unaanzia hapo. Tumieni nyama ya vidole. Na kama neoprini imekuwa ngumu na ukiikunja inaonyesha nyufa, hakuna gundi itakayoiponya. Fundi mwaminifu atakwambia hivyo kabla ya kushika pesa yako.

Kwa suti zenye mshono wa gundi, usiipokee kutoka kwa fundi bila kuijaribu. Funga mdomo wa mkono au mguu kwa kamba, mimina maji ndani, kamua taratibu huku unaangalia mstari wa mshono. Yakitokeza matone yaliyojipanga, hayo ni matundu ya cherehani. Mrudishie fundi aifanye upya, na usilipe.